Siku Ambazo Jongo Haliumi

Huku Karagwe kila maumivu ya viungo ni baridi. Goti la bibi likigoma, baridi. Kiuno kikikataa kunyooka baada ya kupalilia migomba, baridi hiyo hiyo. Usiku wa milimani kwetu unajua kuingia mifupani, kwa hiyo hakuna anayebisha. Maumivu yangu nayo yaliitwa baridi kwa miaka mitatu, mpaka yalipopewa jina lake: jongo, au gauti kama wengi wanavyosema.

Jongo halibishi hodi. Unalala mzima, saa nane usiku kidole gumba cha mguu kinakuamsha. Kimevimba, kimeiva kama nyanya, kinawaka. Hata shuka likikigusa unataka kulia. Maumivu hufika kileleni ndani ya siku moja, halafu wiki moja au mbili yanapungua, yanakwisha, unatembea kama hakuna kilichotokea. Mtego wake uko hapo.

Maana huko siyo kupona. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu kuliko figo zinavyoweza kuitoa, huganda ndani ya viungo ikawa chembe zenye ncha kama sindano. Huganda kwa urahisi zaidi penye ubaridi, na vidole vya miguu ndivyo vilivyo mbali na joto la mwili. Kumbe wazee wetu na baridi yao hawakuwa mbali sana na ukweli! Shambulio likiisha, sindano zinabaki pale pale, kimya.

Upande wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kuna chemchemi za maji ya moto za Mtagata. Stanley alipofika mwaka 1876, enzi za Rumanyika, aliwakuta wagonjwa wakioga humo. Nami nimewahi kwenda na baba mkubwa. Goti lake lililochoshwa na uzee lilifurahi, na mimi nilifurahi kumwona akicheka. Simbezi anayekwenda Mtagata. Ila ni mahali pa kwenda unapoumwa, na jongo linataka litibiwe siku ambazo haliumi.

Hilo ndilo gumu. Kumeza diklofenaki usiku wa shambulio hakuhitaji kushawishiwa na mtu. Kumeza alopurinoli kila asubuhi, mguu ukiwa mzima, kunataka moyo. Daktari alinianzishia dozi ndogo, akaipandisha taratibu, lengo asidi iwe chini ya mikromoli 360 kwa lita. Alinionya pia: miezi ya mwanzo dawa yenyewe inaweza kuamsha mashambulio, nisiikatishe. Yakaja mawili. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hii dawa gani inayokuumiza? Si uiache?" Nikamwambia, "Mama, mkumbuke mjomba." Akanyamaza. Mjomba aliota vinundu vigumu vidoleni, akafika mahali hawezi kushika panga wala kuchuma kahawa yake mwenyewe.

Halafu chakula. Karatasi ya masharti niliyopewa ilikataza maini, dagaa, pombe, na maharage. Maharage! Kwetu ndizi na maharage ndiyo chakula chenyewe. Bahati nzuri tafiti zinaonyesha purini za mimea hazina madhara kama za nyama na samaki. Maharage yamebaki. Maini na dagaa nimepunguza bila kinyongo.

Rubisi ndiyo iliyoniuma, maana rubisi siyo kinywaji tu. Kwenye posa, kwenye msiba, kwenye kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, ukikataa kibuyu umemkataa aliyekupa. Mwaka jana, kwenye posa ya mpwa wangu, mzee wa upande wa pili alininyooshea. Nikapokea kwa mikono miwili, nikamrudishia. "Mzee wangu, anayekataa ni mguu, siyo mimi." Watu kimya. Mzee akanitazama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kahawa ya kutafuna, akanigawia. Nikatafuna, naye akatafuna, mazungumzo yakaendelea. Heshima ina zaidi ya chombo kimoja, ila lazima mtu apewe nafasi ya kueleza anaumwa nini, hata kama amesimama wima mbele yenu na viatu vimemkaa vizuri.

Sasa napita mwezi wa nane bila shambulio. Msimu huu nimechuma kahawa mpaka kikapu cha mwisho, na kidonge bado nameza.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye "baridi" ya kuja na kuondoka, msisubiri ilipuke tena. Kipimo cha asidi kikichukuliwa katikati ya shambulio kinaweza kusema yuko sawa. Changu cha kwanza kilisema hivyo. Mpelekeni wiki kadhaa baadaye, siku ambayo anatembea vizuri na anawashangaa mnampeleka wapi.