Kwa Miguu Kati ya Makasri ya Loire

Watu husafiri kwa sababu nyingi. Wengine hutafuta mali, wengine elimu, wengine tiba, na wako wasafirio kwa kuwa jirani yao amekwisha kusafiri. Safari ninayoieleza hapa ilikuwa ya chini kwa cheo kuliko zote hizo, maana ilikuwa ya matembezi matupu. Walakini ilikuwa na sharti moja lililoitia uzito, kwamba ikamilishwe kwa miguu. Mwezi wa Septemba mimi na shemeji yangu tulitembea siku sita katika bonde la mto Loire, nchini Ufaransa, tukitoka mji wa Blois hata mji mdogo wa Montlouis, tukilala kila usiku mahali pengine, na tukipita kati ya makasri ya wafalme na mashamba ya mizabibu. Shemeji ni mwashi. Amefanya kazi hiyo miaka 30, na mengi niliyoyaona niliyaona kwa macho yake.

Hatukuwa na kiongozi. Kampuni iliyotupangia safari ilitupa ramani, maelezo ya njia, na majina ya nyumba za wageni, kisha ikatuacha. Njia yenyewe ni mojawapo ya njia ndefu za miguu za nchi ile, nayo huitwa GR 3. Kipande chake cha kwanza kilitiwa alama mwaka 1947, karibu na mji wa Orléans, vita vikuu vikiwa vimekwisha miaka miwili tu. Alama ni mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, iliyopakwa rangi juu ya mti, au ukuta, au nguzo ya umeme. Ukiona mistari imekatana kama msalaba, ujue umepotea. Mizigo yetu ilichukuliwa kila asubuhi kwa gari na kutungojea mbele, nasi tukabaki na shanta moja moja yenye maji na mkate. Jambo hili lilimchekesha sana shemeji. Alisema babu zetu walitoka Bagamoyo na mizigo ya Wazungu vichwani, na leo Mzungu anatuchukulia yetu, tena anatutangulia ili asituchoshe kwa kumngoja.

Loire ni mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa, una zaidi ya kilomita 1,000, lakini mwezi wa Septemba hauna kiburi. Maji yake huwa machache, na katikati yake hujitokeza visiwa vya mchanga ambapo ndege husimama kutwa nzima. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliingiza sehemu kubwa ya bonde hili katika urithi wa dunia, nalo halikuchagua makasri peke yake, bali bonde zima pamoja na miji, mashamba, na mto. Nadhani waliofanya uchaguzi huo waliwahi kutembea kwa miguu. Mtu afikaye kwa gari hulikuta kasri kama picha ukutani: hufika langoni, hutoa fedha, huingia, hutoka, huenda zake. Mwenye miguu huliona kasri saa mbili kabla ya kulifikia. Mnara hujitokeza juu ya miti, hujificha nyuma ya kilima, hutokea tena upande usioutazamia. Na baina ya kuuona na kuufikia ziko kabichi, na mbwa wa watu, na bibi kizee atandazaye shuka zake juani. Tena aghalabu hufikia ubavuni au kwa nyuma, kwenye majiko na mazizi, mahali ambapo mwenye kasri hakukusudia atazamwe.

Blois sitakuwa na mengi ya kusema juu yake. Ni kasri la mapambo na la damu. Ngazi yake ya mzunguko iliyojengwa zamani za Mfalme François wa Kwanza ni kazi ya ajabu, na shemeji aliizunguka mara tatu. Lakini ghorofani ndimo Mfalme Henri wa Tatu alimomwita Duke wa Guise asubuhi ya tarehe 23 Desemba 1588, na walinzi wakamwua kwa majambia. Mfalme naye hakumaliza mwaka, maana alichomwa kisu mwezi wa Agosti 1589. Tulitoka Blois mapema, nasi tulifurahi kutoka.

Siku ile ya kwanza, katika njia ya kwenda Chaumont, shemeji alisimama penye ukuta wa ghala moja ya shambani, akaukwaruza kwa ukucha, akanionyesha unga mweupe kidoleni. Alisema, "Shemeji, hili ni ndugu wa jiwe letu." Jiwe lenyewe huitwa tufo. Ni jiwe la chokaa, jeupe, jepesi, laini hata laweza kukatwa kwa msumeno, nalo lilifanyika chini ya bahari iliyokuwako hapo yapata miaka milioni 90 iliyopita. Naam, watu wa pwani yetu pia walijenga misikiti yao kwa jiwe lililotoka baharini, tumbawe lililochongwa lingali laini kabla hewa haijaligandisha. Tangu saa ile hatukuweza tena kutazama kasri bila ya kuuliza jiwe lake limetoka wapi. Jibu halikuwa mbali. Kando ya mto, miamba yote ni tufo, na miamba yote imetobolewa. Kila tundu ni machimbo ya zamani. Walipokwisha kutoa mawe ya kujengea kasri, au kanisa, au daraja, watu maskini waliingia katika uwazi uliobaki, wakaweka mlango na dirisha, wakatoboa bomba la moshi hata juu ya mwamba, wakakaa. Mpaka leo wako wakaao humo kwa starehe. Na tuliona mabomba ya moshi yamechipuka katikati ya mizabibu, kwa kuwa shamba liko juu ya dari ya nyumba. Mapango mengine yamekuwa ghala za divai, na mengine, hasa upande wa Saumur, hulimwa uyoga. Basi kasri na pango ni mapacha: kila chumba kilichopanda juu kiliacha chumba chini ya ardhi.

Siku ya pili tulifika Amboise, na hapo ndipo safari yetu ilipobadilika tabia. Mji huu wageni huuendea kwa ajili ya Leonardo da Vinci. Mfalme François alimwalika, akaja mwaka 1516, akakaa katika nyumba ya Clos Lucé, akafa tarehe 2 Mei 1519. Na kanisa dogo ukingoni mwa ngome ya kasri lina kaburi lisemwalo kuwa lake. Watu walijipanga mstari mrefu kuliona. Sisi tuliliona, tukatoka, tukapanda bustanini, na huko juu, mbali na mstari ule, tulikuta mawe 25 yamesimama katika majani, kila moja limechorwa maandishi ya Kiarabu. Nilisoma, nikayajua maneno kabla ya kuyamaliza, maana yalikuwa ya Qurani.

Hapo walizikwa watu wa Amiri Abdelkader wa Algeria. Amiri huyu alipigana na jeshi la Ufaransa tangu mwaka 1832 hata mwaka 1847, ndipo aliposalimu amri kwa ahadi ya kwamba atapelekwa Alexandria au Acre, akaishi katika nchi za Waislamu. Ahadi haikutimizwa. Alipelekwa Toulon, kisha Pau, na mwezi wa Novemba 1848 akaletwa Amboise pamoja na jamaa na wafuasi wake, wanawake na watoto wakiwamo. Walikaa humo miaka karibu minne, mpaka Louis-Napoléon Bonaparte alipokuja mwenyewe mwezi wa Oktoba 1852 kumpa habari ya uhuru wake. Wale 25 hawakuingoja habari hiyo. Abdelkader alikwenda Bursa, kisha Damascus, na mwaka 1860, ghasia zilipotokea Damascus, aliwaokoa Wakristo wengi sana wasiuawe, hata Ufaransa iliyomfunga ikamtunukia nishani. Mawe yale yaliwekwa mwaka 2005, kazi ya msanii wa Algeria, Rachid Koraïchi. Na mwaka 2022, mji ulipotaka kuzindua sanamu ya Amiri kandokando ya mto, watu waliiharibu saa chache kabla ya sherehe. Sherehe ikafanywa vivyo hivyo mbele ya sanamu iliyoharibiwa. Huo ni ushahidi kwamba kaburi la miaka 170 laweza kuwa bichi.

Tulisoma Fatiha. Shemeji alipiga goti akayapangusa majani makavu chini ya jiwe moja dogo, na hakusema neno. Kutoka pale mto huonekana wote, na mizabibu ng'ambo yake, na paa za mji. Mandhari ambayo mgeni hulipia fedha ili ayaone. Nikawaza juu ya mwanamke wa Algeria aliyeyatazama mandhari hayo hayo majira manne ya baridi, akiwa hana ruhusa ya kushuka ngazi.

Katika lugha yetu tunalo neno gereza. Asili yake ni Kireno, nalo kwao ni jina la kanisa. Lakini Kilwa Kisiwani ngome ya kale huitwa Gereza mpaka leo, na kwa watu wote wa Kiswahili gereza ni mahali pa kufungia watu. Kanisa, ngome, kifungo: neno moja limepita katika nyumba zote tatu. Zamani niliudhani ni mchezo tu wa lugha. Lakini Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa jela tangu 1895 hata 1958. Na kasri la Amboise, walimozaliwa na kufa wafalme, lilifunga watu vilevile. Ukuta uliojengwa ili adui asiingie hauhitaji kubadilishwa hata jiwe moja ili mfungwa asitoke. Wageni wengi wa Loire huambiwa habari za mapambo, na mapambo ni kweli. Mimi nasema tu kwamba yamewekwa juu ya ukuta, na ukuta una kazi yake.

Siku ya tatu tulikata msitu wa Amboise kwenda Chenonceaux. Njia ni nyepesi, chini ya mialoni, na hatukukutana na mtu ila waokota uyoga wawili. Kasri la Chenonceau limejengwa juu ya nguzo za kinu cha kale ndani ya mto Cher, kati ya mwaka 1513 na 1521, na mwenye kusimamia ujenzi, mumewe akiwa mbali vitani, alikuwa Katherine Briçonnet. Baadaye Mfalme Henri wa Pili alimpa Diane de Poitiers, mpenzi wake, naye akajenga daraja hata ng'ambo. Mfalme alipokufa mwaka 1559, mjane wake Catherine de' Medici alimlazimisha Diane kulitoa kasri hili na kupokea Chaumont badala yake; kisha akajenga ukumbi mrefu wa mita 60 juu ya daraja la mke mwenza. Mke mwenza si neno la Kifaransa, lakini sijui neno lifaalo zaidi.

Ukumbi huo ninaupenda kwa sababu nyingine. Katika vita vya 1914 hata 1918 mwenye kasri, Gaston Menier, tajiri wa chokoleti, aliufanya hospitali, na askari zaidi ya 2,000 waliuguzwa humo, vitanda vikiwa juu ya maji. Na katika vita vya pili, tangu mwaka 1940, mto Cher ulikuwa mpaka: lango la kasri lilikuwa upande uliotawaliwa na Wajerumani, na mlango wa mwisho wa ukumbi ulifungukia upande usiotawaliwa nao. Watu walivushwa kwa mlango ule. Tuliupita polepole. Nje yake mna nini? Mti, njia ya vumbi, na baiskeli imeegemezwa.

Kutoka huko tulifuata mto hata Montlouis, na sasa mizabibu ilikuwa pande zote. Mavuno yalikuwa yameanza. Mizabibu ya nchi ile si mizee kama makasri, ingawa mgeni hudhani hivyo. Katika karne ya 19 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, alikula mizizi ya mizabibu karibu Ufaransa nzima, na dawa iliyopatikana ni kubebesha mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la Kimarekani. Ndivyo unavyosimama hata leo, kichwa cha huku na miguu ya kule. Tena mwezi wa Aprili, machipukizi yakiwa yametoka, jalidi ya usiku mmoja yaweza kumaliza kazi ya mwaka, kama ilivyotokea mwaka 2021, wakulima walipowasha moto na mishumaa kati ya safu usiku kucha.

Mwenye nyumba yetu ya mwisho alikuwa mkulima wa divai. Montlouis, alisema, zamani iliuza divai yake kwa jina la jirani yake Vouvray; wakagombana, na tangu mwaka 1938 ina jina lake yenyewe. Zabibu ni zile zile, Chenin nyeupe. Tulipomwambia kwamba sisi hatunywi, hakuudhika wala hakutuuliza maswali. Alituongoza penye kinu, akakinga bilauri mbili chini ya mfereji, akatupa maji ya zabibu zilizokatwa asubuhi ile, kabla hayajaanza kuchacha. Yalikuwa mazito, ya uvuguvugu, matamu kupita kiasi, na nyuma ya utamu mna ukali kama wa embe changa.

Kisha akatushusha ghalani. Ilikuwa machimbo, kama nyingine zote: dari nyeupe, baridi ya nyuzi 12 kiangazi na kipupwe, na mapipa yamelala safu mbili hata gizani. Ukutani mna michirizo ya sururu, imelala upande mmoja yote. Shemeji aliipima kwa kiganja, akasema mtu huyu alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Nikamfasiria mwenyeji. Yeye alikaa kimya, akaenda kuitazama kana kwamba hajapata kuiona. Nikamwuliza jiwe la humu lilijenga kasri gani. Akajibu kwamba mawe yalishushwa mtoni, yakapakiwa mashuani, yakaenda. Majina ya wenye makasri yaliandikwa, na hesabu za mashua huenda ziko mahali, lakini wa sururu hakuna aliyewaandika. Akauliza kama kweli ilikuwa mkono wa kushoto. Shemeji akachukua fimbo yake ya safari, akasimama mbele ya ukuta, akamwonyesha jinsi mtu yule alivyokuwa amesimama.