Tutarudi Akikua

Kiangazi cha mwaka 2008 galoni ya petroli nchini Marekani ilipita dola 4, bei ambayo nchi ile haikuwa imewahi kuiona, na watu wenye akili zao waliahirisha safari. Sisi tulifunga virago. Tulitoka Louisville, Kentucky, tukashika njia ya kusini, watu wanne ndani ya gari moja: mimi, babake kijana, mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Kisauni, Mombasa, na kijana mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili na maneno ya kuhesabika. Tulipanga kupita Nashville, Memphis, Birmingham, Montgomery na Atlanta, tumalizie Savannah, karibu na bahari. Babake alichapisha ramani kutoka kwenye intaneti, rundo la karatasi, akazibana kwa stepla na kunikabidhi usomaji. Simu zetu zilijua kupiga na kupokea, basi. Burudani ya mtoto ilikuwa kideki cha DVD kilichofungwa nyuma ya kiti cha mbele, na filamu moja ya treni ambayo mpaka leo naijua yote kwa ghibu.

Mzozo wa kwanza ulizuka kabla hatujavuka mpaka wa Tennessee. Mama hakuelewa kwa nini mjukuu wake afungwe mikanda kama mzigo ilhali yeye ana mapaja. Kwetu mtoto hupakatwa, matatu iwe imejaa isiwe imejaa. Nikamweleza kwamba ni sheria, na kwamba Tennessee tunakoingia ndilo jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya kiti cha mtoto garini, mwaka 1977. "Kumbe ndio hao walioanza," akasema, na tangu hapo akawawekea watu wa Tennessee kinyongo. Kijana alipolia, alimwinamia: "Pole, mume wangu. Wamekufunga hawa." Kiti chenyewe tulikielekeza mbele, kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa tufanye mtoto akishapita mwaka mmoja. Mwaka 2011 madaktari wa watoto wakageuza ushauri, wakataka aangalie nyuma mpaka afike miwili. Kulea ni hivyo. Unafuata maagizo ya leo huku ya kesho yanaandikwa.

Nashville tuliipita mbio. Mji ule una Parthenon yake, nakala kamili ya hekalu la Ugiriki, iliyojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1897, na kijana alilizunguka akikimbia huku babake akimfukuza, wote wawili wakiwa hawana habari na Wagiriki. Jioni tulipita mbele ya ukumbi wa Ryman, ambao umepokea waimbaji tangu mwaka 1892. Mlango ulikuwa wazi, watu wanaingia. Mtoto alikuwa amelala begani mwangu, udende umelowesha gauni. "Tutarudi akikua," akasema babake. Nikaitikia. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo, na kwa jinsi lilivyotoka kirahisi, tukalisema kila mji.

Memphis tulifika kwa ajili ya bata. Hoteli ya Peabody ina bata wanaoishi juu ya paa; kila siku saa tano asubuhi hushushwa kwa lifti, hutandikiwa zulia jekundu, muziki wa gwaride hupigwa, nao huandamana mpaka kwenye chemchemi iliyo katikati ya ukumbi na kuogelea humo mpaka saa kumi na moja jioni, ndipo hurudi juu kwa heshima zile zile. Desturi hiyo ina umri tangu miaka ya 1930. Kijana alikaa chini ukingoni mwa zulia, na bata walipompita aliacha hata kupumua. Mama alitazama gwaride lote kwa umakini, kisha akauliza huchinjwa lini. Babake akamwambia hawachinjwi. "Basi hawa wameajiriwa," akasema Mama, na kwa kweli sijasikia maelezo bora zaidi.

Kutoka hapo tulikwenda moteli ya Lorraine, ambako Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, akiwa amesimama kwenye baraza la ghorofa, mbele ya chumba namba 306. Jengo limekuwa makumbusho tangu mwaka 1991. Hapo mtoto aliamua kwamba anataka bata. Si bata wengine, wale wale, na sasa hivi. Alijitupa chini kwenye lami ya moto akapiga makelele mpaka watu waliotoka ndani, nyuso zao zimeshapata uzito wa walichokiona, wakaanza kutuhurumia sisi. Tulisimama nje tukatazama shada la maua kwenye kizuizi cha baraza na yale magari mawili ya zamani yaliyoegeshwa chini yake. Mama alitaka kuingia. Aliniambia, si kwa kulazimisha. Nikamwambia tutarudi akikua.

Njiani kuelekea Birmingham Mama aligundua kwamba Kusini ni kwao. Barabara ile siku hizo haikuwa hawei kamili mpaka mwisho. Hawei hiyo, I-22, ilikuja kuunganishwa mpaka Birmingham mwaka 2016. Kwa hiyo zilikuwapo sehemu za kupita polepole, taa za barabarani, na wazee wa kando ya njia wenye sufuria kubwa. Mmoja aliuza njugu za kuchemsha. Mama alipoona ganda limelowa na chumvi, aliguna kama aliyekutana na jamaa. Akala, akamtafunia mume wake kidogo, akafunga nyingine kwenye ncha ya leso. Kwenye mkahawa tukakuta bamia, kunde na sukuma wiki yenyewe, ile ile, majani yale yale. Bamia na kunde zilivuka bahari kutoka Afrika pamoja na watu waliotekwa, na wapishi weusi ndio waliozifanya kuwa chakula cha Kusini. Mama alikuwa ameshajaza sahani nilipomuuliza mhudumu mboga imepikwa na nini. Na nyama ya nguruwe, akajibu, kwa fahari ya mtu anayesifu mapishi ya mama yake. Mama aliisukuma sahani polepole. "Wameiharibu," akasema. Siku ile alikula uji mzito wa mahindi meupe na siagi, na njugu zake.

Kila tuliposimama kutia mafuta, mtu akisikia tunatoka Kenya alikuwa na neno. Barack Obama alikuwa amejihakikishia tiketi ya chama chake mwanzoni mwa Juni, na nchi yetu ilikuwa midomoni mwa watu ambao mwaka mmoja nyuma wangetuuliza kama iko karibu na Jamaica. Wengine walitushika mikono miwili. Wengine walitutazama tu, wakahesabu chenji taratibu.

Birmingham ndiyo iliyobaki nami. Katika bustani ya Kelly Ingram kuna njia inayopita katikati ya kuta mbili, na kutoka kwenye kuta hizo mbwa wa chuma wamechomoza, meno wazi, wakimrukia mpita njia kutoka kulia na kushoto. Ni kumbukumbu ya Mei 1963, wakati watoto wa shule walipoandamana kudai haki na polisi wa mji wakawafungulia mbwa na mabomba ya maji ya zimamoto. Mtu mzima akipita hapo hujikunyata hata kama anajua ni chuma. Kijana wetu aliwapenda. Mbwa lilikuwa miongoni mwa maneno yake yale machache, na hajawahi kuona mbwa wakubwa hivyo waliotulia hivyo. Alichukua biskuti yake, iliyokwisha kulainika kwa mate, akamtia mmoja mdomoni.

Mama alimvuta mkono kwa nguvu. Kisha akamwachia. Hakuna kati yetu aliyejua la kufanya. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi alicheka, akasema mwache amlishe. Ng'ambo ya barabara lilionekana kanisa la Baptisti la Mtaa wa 16, lililotegwa bomu Jumapili ya tarehe 15 Septemba mwaka huo huo wa 1963, likaua wasichana wanne: watatu wa miaka 14 na mmoja wa 11.

Usiku ule, katika moteli iliyonuka sigara, nililala macho nikilalamikia godoro, mpaka nikakumbuka barua ambayo King aliiandika akiwa jela katika mji huo huo, Aprili 1963. Ndani yake mna habari ya binti yake wa miaka sita aliyeona tangazo la bustani ya michezo kwenye televisheni na kutaka kupelekwa, na baba akatafuta namna ya kumwambia kwamba watoto weusi hawaruhusiwi. Mna pia habari ya safari za gari, na kulala humo humo garini usiku baada ya usiku kwa sababu hakuna moteli inayokupokea. Kabla ya sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, mtu mweusi aliyesafiri na watoto alihitaji karatasi za aina nyingine kabisa na zangu. Tarishi mmoja wa New York, Victor Hugo Green, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi wapi watapewa kitanda, wapi watauziwa chakula, wapi mtoto ataruhusiwa kwenda haja. Mimi shida yangu ilikuwa harufu ya sigara.

Montgomery ilimwosha kijana uso. Mbele ya ofisi za watetezi wa haki za raia kuna meza ya mviringo ya jiwe jeusi, kazi ya Maya Lin ya mwaka 1989, yenye majina ya waliouawa katika harakati zile, na maji hupita juu ya majina bila kukoma. Unaruhusiwa kugusa. Mtoto aliyetoka kwenye joto la Julai la Alabama hahitaji kuambiwa mara mbili. Alipiga maji kwa viganja vyote viwili, akacheka, akaloa mpaka nepi. Atlanta ilikuwa ya kupumzika. Jamaa zetu walitupokea Clarkston, mji mdogo wa wakimbizi ambako hata wakati ule uliweza kusikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi kwenye foleni ya duka moja, tukala pilau isiyo na mashaka. Kijana akaoga tena kwenye chemchemi za bustani ya Olimpiki, katika mji ule ambao Venuste Niyongabo aliipatia Burundi dhahabu yake ya kwanza mwaka 1996. Nilimwambia hivyo. Alikuwa anakunywa maji ya chemchemi.

Savannah miti imeota ndevu za kijivu zinazoning'inia mpaka kichwani mwa mtu, na hewa ni nzito kama Mombasa ya Machi. Kando ya mto kuna sanamu iliyowekwa mwaka 2002: baba, mama na watoto wawili wamekumbatiana, minyororo iliyokatika iko miguuni pao. Mama alizaliwa karibu na Kengeleni, pale wamisionari wa Kianglikana walipoanzisha Frere Town katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kengele yenyewe ingalipo. Aliitazama ile sanamu kwa muda, akawahesabu. "Hawa wamechongwa pamoja," akasema. "Wale wa kwetu walishuka mmoja mmoja." Kisha akaniuliza kama nimekumbuka kununua maziwa.

Kijana yule sasa anasoma chuo Atlanta. Hakumbuki hata kimoja. Kwa miaka alidai anakumbuka bata, mpaka tulipogundua kwamba anachokumbuka ni picha iliyokuwa juu ya friji. Na miji yenyewe haikutungoja. Lorraine ilikarabatiwa ndani ikafunguliwa upya mwaka 2014, kwa hiyo makumbusho aliyotaka Mama kuyaona hayapo tena kama yalivyokuwa. Bustani ya Birmingham ilipata sanamu ya wale wasichana wanne mwaka 2013. Montgomery mwaka 2018 ilifungua ukumbusho wa watu zaidi ya 4,000 walionyongwa na kuuawa na magenge ya wazungu, nguzo za chuma zaidi ya 800 zenye majina, nyingine zikining'inia juu ya vichwa vya wageni. Memphis iliondoa sanamu za wakubwa wa jeshi na serikali ya watetezi wa utumwa Desemba 2017. Sisi tulikuwa tumekula aiskrimu karibu na mojawapo, tukimsifu farasi.

Na Mama alifariki Kisauni kabla mjukuu wake hajamaliza shule ya msingi. "Akikua" tulikuwa tumeipima kwa urefu wa mtoto peke yake.

Mwaka jana kijana alikwenda Memphis na wenzake wa chuo. Akapiga simu usiku. Ameingia Lorraine, amekaa humo saa nyingi, amekiona chumba namba 306 kwa ndani, kupitia kioo. Aliongea mfululizo, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza: "Bibi naye aliingia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unalia. Ulitaka bata."

Akanyamaza kidogo. "Si mngepokezana tu, Mama? Mmoja abaki nami nje, wawili waingie."

Sikuwa na jibu. Babake, aliyekuwa akisikiliza kwenye spika, alisema joto lilikuwa kali mno siku ile, kana kwamba tunashitakiwa. Lakini tangu hapo amekuwa akipekua tarehe. Mgongo wake hautaki tena saa nyingi za usukani, kwa hiyo kijana ataendesha, na hatutahitaji karatasi. Swali lake kwangu lilikuwa moja: je, bata bado wanashuka saa tano? Nimemwambia wanashuka, ila safari hii Lorraine kwanza, bata tutawakuta saa kumi na moja wakipanda. Na isiwe Jumanne, maana Jumanne makumbusho hufungwa.