Kumbe Mkorofi Nilikuwa Mimi

Nianze kwa kuungama: kwa wiki tatu nilimnunia mume wangu kwa sababu ya gari.

Kila nikitoka sheli kujaza mafuta, gari linagoma kuwaka. Napiga stata mara nne, linakohoa, linawaka kwa shida huku likinuka petroli. Siku nyingine zote, zima kabisa. Kisha ile taa ya njano ya injini ikawaka na haikuzima tena. Baba Imani akasema nimenunua mafuta yaliyochakachuliwa. Nikamjibu yeye ndiye hajalipeleka servisi tangu Pasaka. Ndani ya nyumba tukabaki na "umekula?" na "mtoto amelala?" tu. Mnaojua mnajua.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Hela ikaenda, taa ikarudi.

Wa pili, kijana mpole, alichomeka mashine yake ikasoma P0441, yaani mvuke wa petroli hautembei inavyotakiwa. Mvuke gani tena? Akanieleza: petroli ndani ya tenki hutoa mvuke, na haupaswi kutoka nje. Unanaswa kwenye kopo lenye chembe za mkaa, halafu valvu ndogo inafunguka kwa wakati wake, injini inauvuta na kuuchoma. Marekani walianza kudai mfumo huu kwenye magari mapya tangu modeli za 1971. Mimi nausikia leo gereji!

"Dada, weka kidole hapa." Alikuwa amechomoa mpira kwenye valvu, gari likiunguruma, injini bado haijapata moto. Kidole kikavutwa! Muda ule valvu ilitakiwa kuwa imefungwa. Yetu ilikuwa wazi saa zote, ndiyo maana nikishajaza tenki mvuke unamiminika na kuikaba injini.

Alipoikung'uta zikadondoka punje nyeusi. Mkaa. Akanitazama.

"Nani anajaza mafuta?"

Mimi.

"Pampu ikikata, unaongeza?"

Jamani, sipendi chenji. Ikikata kwenye 73,000 namwambia kijana wa sheli asukume ifike 80,000. Kumbe ziada ile huingia kwenye kopo lililotengenezwa kupokea mvuke tu. Mkaa ukalowa, ukameguka, chembe zikasafiri hadi kwenye valvu.

Tukabadilisha vyote viwili, maana valvu mpya na kopo bovu ni kazi bure. Akafuta ile namba na kunionya nisishangilie mapema, gari hujipima lenyewe kwa safari kadhaa. Siku nne nikaikodolea macho ile taa.

Kazi ilikuwa kumwambia Baba Imani. Ningeweza kusema "ni valvu tu, imeisha", na nisingekuwa nimedanganya. Nilimweleza yote Jumamosi usiku, sahani ikiwa mbele yake. Akanyamaza muda mrefu, akauliza bei. Nikaitaja. Akaendelea kula.

Jumapili tukapita sheli wote watatu. Pampu ikakata kwenye 68,000.

"Niisukume ifike sabini, dada?"

Baba Imani akageukia dirishani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.