Mwendo wa Pole na Heshima ya Mtazamaji: Filamu za Bill Douglas Zikitazamwa Mahoo

Wengi wetu tulioingia katika uhakiki kupitia riwaya na tamthilia hudhani kwamba filamu ni sanaa ya kelele na kasi. Dhana hiyo ilinitoka nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili, nilipotazama filamu tatu za Bill Douglas wa Uskoti: My Childhood (1972), My Ain Folk (1973) na My Way Home (1978). Ya kwanza ni ya dakika 46 tu, ya rangi nyeusi na nyeupe, na maneno yake ni machache mno. Baadaye nilimfahamu Terence Davies, ambaye katika The Long Day Closes (1992) anaielekeza kamera kwenye zulia na kuiacha hapo huku mwanga ukififia na kurejea.

Hata hivyo, kamera ya mwendo wa pole haikuwa ngeni kwetu. Nyumbani Mahoo, upande wa Taveta, wazee walisimulia habari za magari ya sinema ya enzi ya ukoloni. Kitengo cha Filamu za Makoloni kilianzishwa Uingereza mwaka 1939. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo filamu zake zilikwenda polepole, bila mbinu za kamera, na mara nyingi palikuwa na mtu wa kuwafafanulia watazamaji. Upole huo ulizaliwa na dharau.

Upole wa Douglas una asili nyingine. Katika My Childhood, Jamie, mtoto wa kijiji cha wachimba makaa, anatia maji ya moto kikombeni, anayamwaga, kisha anaizungushia kikombe hicho mikono ya bibi yake. Hakuna anayeeleza lolote. Kazi ya kufasiri ameachiwa mtazamaji.

Likizo moja niliipeleka kanda hiyo Mahoo. Maji yalipomwagwa, kijana mmoja alicheka na kuuliza mbona mtoto anapoteza maji. Shangazi yangu, aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya mkonge na asiyejua Kiingereza, alimjibu kabla bibi hajakishika kikombe: “Ngoja, mwanangu. Hayakuwa ya kunywa hayo. Anampasha bibi yake mikono.”

Mtazamaji mmoja si ushahidi wa jumla. Lakini jibu lake linatosha kutuonyesha kwamba kilichopungua katika filamu za Kitengo kile hakikuwa uwezo wa watazamaji, bali imani ya watengenezaji kwao. Basi haimtoshi mhakiki kupima kasi ya kazi ya sanaa. Hana budi kuuliza kazi hiyo inamchukulia mpokeaji wake kuwa nani. Swali hilo linawahusu pia watunzi wetu wa riwaya, hasa wale wasioweza kuifunga sura ya mwisho bila kumweleza msomaji funzo alilokwisha kuliona mwenyewe.