WALISEMA KAHONGWA BOTI, KUMBE KAITENGENEZA MWENYEWE

Picha ilikuwa moja tu. Binti kavaa jinsi na fulana nyeupe, kakaa kwenye ukingo wa boti mpya, nyuma yake jua la Msasani linazama. Hakuandika neno, aliweka kopa moja ya bluu basi. Hazikupita dakika 10 watu wakaanza. "Mbaba kamwaga hela." "Dada kapata danga la Masaki." Wengine wakadai hadi jina la huyo mzee wanalijua.

Mzee yupo kweli. Ila haishi Masaki, anaishi Mtoni Kijichi, Temeke, na anaona kwa jicho moja.

Ni mjomba wake. Huyu mzee alianza ujana wake kwenye boti za mbao, zile za kukalafati kwa pamba na kupaka shahamu, na kila baada ya muda zinapandishwa nchi kavu kwa sababu wadudu wa baharini wameshazitoboa. Mbao nzuri ikawa ghali, wateja wakaanza kuulizia faiba, naye akajifunza. Wala si kitu kipya duniani: nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kiwandani Marekani miaka ya 1930, na mwaka 1953 Chevrolet Corvette ikatoka na bodi ya faiba. Kwa Dar, mjomba alianzia na bampa za daladala na mabembea ya watoto, mpaka akafika kwenye boti.

Binti alikuwa anatoka Mwananyamala kila asubuhi, anabadilisha magari, anafika Kijichi, "shikamoo mjomba", anafunga kitambaa kichwani, kazi. Mwanzoni alikuja kuandika risiti tu. Baadaye akashika brashi.

Ukisimuliwa, kazi ya faiba ni nyepesi. Kalibu linapakwa nta ili kitu kisigande. Inafuata jelikoti, ile rangi ya nje inayong'aa. Halafu mkeka wa nyuzi za kioo unatandazwa, resini inapakwa juu yake, inasukumwa kwa brashi na rola mpaka mapovu yatoke yote. Safu juu ya safu. Povu likibaki ndani, hapo ndipo boti itakapokuja kupasukia.

Sasa resini peke yake inabaki kuwa majimaji kama asali. Inagandishwa na hadina, kiasi kidogo tu, asilimia 1 hadi 2. Ukishaichanganya, saa inahesabu. Na joto la Dar linaiharakisha zaidi, dakika 20 nyingi, ndoo yako imeshakuwa jiwe. Hela imeenda.

Ndiyo maana siku hadina ilipomrukia mjomba jichoni, hakwenda hospitali. Alinawa kidogo kwa maji ya kopo akarudi kwenye kalibu, maana ndoo ilishachanganywa na boti ya mtu ilikuwa nusu. Hadina inachoma jicho vibaya, inatakiwa uoshe muda huohuo kwa maji mengi, dakika 15 au zaidi, halafu mbio kwa daktari. Yeye alikwenda siku ya tatu. Boti ilitoka safi kabisa. Jicho halikurudi.

Binti alilia, halafu akaweka sheria. Pipa la maji safi mlangoni. Asiye na miwani hagusi hadina. Barakoa za kuchuja mvuke, si vitambaa, kwa sababu ile harufu kali ya resini ni stairini, na mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mafundi walimcheka: "Bosi mpya kaja na mambo ya kizungu." Akawajibu kwamba sheria ya usalama mahali pa kazi ni ya Tanzania, ya mwaka 2003, na jicho la mjomba ni la Kijichi.

Kisha akaja mteja mwenye haraka. Alitaka boti ndani ya wiki, akashauri waongeze hadina ikauke upesi na wapunguze safu moja chini. Nani ataona? Binti alijua ukizidisha hadina inachemka, inatoa moshi, inapasuka nyufa. Na safu ya chini ndiyo inayogonga mwamba. Akakataa. Mteja akadai malipo yake ya awali, na pesa ilishanunua resini. Binti aliuza simu na pikipiki ya karakana kumrudishia. Miezi miwili kalibu lilikaa na boti isiyo na mwenyewe, mafundi wawili wakaondoka.

Hatimaye kikundi cha wavuvi kilikuja, wakaigonga kwa vidole, wakainama kuangalia chini, wakauliza maswali mengi. Wakanunua. Siku ya kuishusha majini Msasani ndiyo aliyopigwa ile picha, kwa simu ya kuazima.

Jioni yake alimsomea mjomba maoni yote, moja moja, hadi yale ya matusi. Alidhani mzee atakasirika. Mzee akanyamaza, akapangusa lile jicho lake bovu, halafu akaangua kicheko.

"Waambie ni kweli, mwanangu. Mbaba ni mimi. Na waambie ile boti nimeilipia."

Hakuwaambia. Kesho yake aliwahi gari la Temeke, kulikuwa na boti nyingine ya kuanza.

Haya wadau, ungekuwa wewe ungewajibu, au ungewaacha waendelee kubwabwaja?