Kamera Mbili na Bafu la Jirani

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumanne asubuhi nikiwa foleni ya maji. "Tuchagulieni kamera moja kati ya hizi mbili. Tunataka jibu kabla ya Ijumaa." Chini yake picha mbili za droni. Niliziangalia nikadhani mtu ametuma picha moja mara mbili. Zinafanana kama mapacha: rangi ile ile ya kijivu, mikono minne ile ile ya kukunja. Tofauti iko puani tu, pale kamera inaponing'inia.

Kwa wasionijua, mimi nafanya kazi na vijana hapa Kakuma. Klabu yetu ya video ina kompyuta mbili na kamera moja ya mkononi ambayo mlango wa betri tumeufunga na selotepu. Shirika moja lilikubali kututafutia droni ya mtumba kwa ajili ya mradi wa laga. Wenye kuishi hapa wanaijua laga. Muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira. Halafu mvua inanyesha mbali huko milimani, sisi hapa jua linawaka kama kawaida, na usiku maji yanakuja yakibeba sufuria za watu. Kila yakipita yanakula ukingo kidogo. Sisi tulitaka picha za kutoka juu, mara moja kabla ya mvua na mara moja baada yake, ili ionekane ni nyumba zipi zimebaki hatua chache kutoka kwenye maji. Barua tulishaandika. Barua inaingia kwenye faili. Tulifikiri picha itakuwa ngumu kidogo kuifungia.

Kurusha tusingerusha sisi. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe, mwenye kurusha awe na kibali cha KCAA, na isipande zaidi ya futi 400, yaani kama mita 120. Kwa hiyo rubani angekuwa afisa wa shirika, sisi tungekaa naye tukiangalia skrini. Lakini kamera, walisema, chagueni nyinyi, picha ni zenu. Nilifurahi, sidanganyi. Ni mara chache mkimbizi anaulizwa anataka ipi. Mara nyingi anaulizwa kama amepokea.

Sasa hizo kamera. Zote mbili ni za DJI, zilitoka pamoja Agosti 2018. Moja inaitwa Mavic 2 Pro, nyingine Mavic 2 Zoom. Mwili ni mmoja, betri ni moja, kiwanda kinasema zinakaa hewani dakika 31 (kwa upepo wa Turkana toa hapo dakika zako kadhaa). Ukishanunua moja huwezi kuichomoa kamera ukaweka ya mwenzake, ndiyo maana inabidi uchague vizuri.

Ile Pro ina sensa ya inchi moja na megapikseli 20. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu nilipolisema neno "sensa" kwenye klabu, dada mmoja aliuliza, "Tunahesabiwa tena?" Hapana. Sensa ya kamera ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kama sahani inayowekwa nje kukinga mvua. Sahani ikiwa kubwa inakinga zaidi. Sahani ya Pro ni kama mara nne ya ile ya Zoom, kwa hiyo jioni na alfajiri inaona vizuri bila picha kujaa chengachenga. Tena tundu la lenzi yake unaweza kulipanua na kulibana mwenyewe. Lakini haivuti. Ukitaka kuona kitu kwa karibu, uende karibu.

Ile Zoom ina sensa ndogo, megapikseli 12, na tundu lake hulibani unavyotaka. Lakini lenzi yake inavuta mara mbili, na ukikubali video ya kiwango cha chini, ile ya 1080, inafika mara nne. Unakaa mbali, unaleta mtu karibu.

Mimi nilitaka Zoom. Niseme ukweli na sababu zangu, maana hazikuwa za laga zote. Nilikuwa nawaza fainali ya mpira, harusi, ile video ambayo droni inarudi nyuma huku bibi harusi anabaki pale pale katikati. Vijana wangu nao walitaka Zoom. Tungepiga kura siku ile, jambo lingekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi afisa alikuja na Zoom ya kujaribu, ameiazima kwa mwenzake. Tuliirusha saa kumi na moja jioni kwa sababu mwanga ni mzuri. Ilipanda, ikalia ule mlio wake wa nyuki aliyekasirika, watoto wakakimbia nyuma yake wakipiga kelele. Tukakaa kwenye skrini tukivuta hapa, tukivuta pale. Mabati, kuni, mbuzi juu ya mti wa mathenge. Raha.

Halafu jirani yetu, mama mmoja wa Nuba, akatoka nyumbani kwake kitambaa kikiwa kimefungwa vibaya kichwani, sabuni bado iko shingoni. Hakuja kwa afisa, alikuja kwangu.

"Kijana. Hiyo ndege yako, inaona mimi nikioga?"

Nilicheka. Ndiyo kitu ninachojutia mpaka leo. Kisha nikakumbuka bafu zetu. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mnaoga kwenye kompaundi, pengine hamjaziangalia: turubai pande nne au mabati, mlango wa gunia, juu wazi. Tumejificha kwa majirani wa pembeni. Nani alifikiria jirani wa juu? Na watu wanaoga lini? Alfajiri kabla ya shule na kazi, na jioni jua likipungua. Saa zile zile ambazo mwenye kupiga picha anaziita za mwanga mzuri.

Nikamwambia, "Mama, hatukuona kitu." Akasema, "Sikuuliza kama umeona. Nimeuliza kama inaona."

Usiku sikulala, nikakaa na kalamu. Hesabu yenyewe siyo ngumu. Droni ikiwa mita 100 juu na kamera inaangalia chini moja kwa moja, kila nukta ya picha ya Pro inabeba sentimita 2.3 hivi za ardhi. Kwa Zoom ambayo haijavuta ni sentimita 3.5. Ikivuta mpaka mwisho wa lenzi ni 1.8. Uso wa mtu una upana wa sentimita 15, tuseme. Kwa hiyo uso wako ni nukta 6 au 7 kwa Pro, na nukta 8 kwa Zoom. Nukta 8 siyo uso, ni doa. Nilishangaa, maana nilidhani Zoom ni jicho la mwewe, kumbe kwenye picha za mnato imemzidi mwenzake kidogo tu. Kinachobadilisha mambo ni urefu wa kuruka. Shuka mita 30, nukta ya Zoom inakuwa nusu sentimita, uso unakuwa nukta 28, na hapo mtu anaanza kujulikana.

Asubuhi nikaenda kwa mama na karatasi yangu, najisikia mwanasayansi. Nikamchorea uso wa vimiraba nane. "Unaona mama? Huwezi kujulikana."

Aliiangalia ile karatasi akanirudishia. "Bafu ni la nani?"

"Lako."

"Nani anaoga kwa bafu yangu?"

Nikanyamaza. Hapo nikakumbuka jambo la kwetu wenyewe. Nilipokuwa bado shule, mgeni mmoja alirusha droni juu ya bloku yetu, hatukuambiwa ni ya nini. Baadaye tuliona ile picha kwenye bango ndani ya ukumbi, imechapishwa kubwa. Mama yangu mzazi alisimama mbele yake akaweka kidole. "Papa, ona, ni mimi." Uso haukuwepo kabisa, ni kichwa kutoka juu. Lakini kitenge kilikuwa chake, kile cha samaki alichotoka nacho Uvira, na ameinama anafua nguo za ndani za mdogo wangu mgonjwa. Hakukasirika kwa sauti. Alisema tu, "Hata wao wangeuliza." Tangu siku hiyo alikuwa anafua ndani ya nyumba, na nyumba zetu mnazijua joto lake.

Kwa hiyo hesabu yangu ya nukta ilikuwa sahihi na haikusaidia kitu. Wageni wanamtambua mtu kwa uso. Sisi tunatambuana kwa kitenge, kwa mlango, kwa beseni lenye kiraka.

Tuliitisha kikao chini ya mathenge Ijumaa, klabu pamoja na akina mama wa bloku na mzee wa bloku. Nilidhani mama wa Nuba atasema droni isije kabisa, na nilikuwa tayari kukubali. Kwao ndege za Antonov zilikuwa zinawamwagia mabomu, walichimba mashimo ya kuingia na watoto. Niliona jinsi alivyokuwa anaiangalia ile Zoom juu. Kijana mmoja wa klabu akasimama akatetea Zoom kwa hoja ambayo kweli ilikuwa na uzito. Alisema Zoom inaweza kukaa mbali, juu ya laga, bila kuja kulia juu ya vichwa vya watu walioteswa na vitu vya angani. Inavuta ukingo kutoka kule kule. Kelele kidogo, hofu kidogo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata mimi.

Mama akaomba kusema. Kiswahili chake ni cha kuokota hapa kambini, naandika kama alivyosema. "Antonov tulikuwa tunasikia kwanza. Uuuu, uuuu, mbali. Unachukua mtoto, unaingia shimo. Ile jeti haisemi kitu, inafika tu. Mimi nataka ile ya kusikia. Kama inataka kuniona, ije karibu, nisikie, nitoke nje, niulize wewe ni nani."

Hakuna aliyejibu kwa muda. Mzee wa bloku alikohoa.

Tulichagua Pro. Sio wote. Yule kijana wa Zoom alikasirika, akasema tumeacha hoja tukafuata machozi, na wiki mbili hakuja klabu. Mimi bado simwoni mjinga. Pro nayo ukiishusha mita 30 inaona uso nukta 20 na zaidi, hakuna kitu ndani ya lenzi kinachomzuia rubani. Tofauti ni kwamba inabidi ishuke, na ikishuka inalia. Tuliweka masharti kwenye karatasi: haishuki chini ya mita 80 juu ya nyumba, mzee wa bloku anapita na kipaza sauti siku moja kabla, hairushwi juu ya foleni ya chakula, na hairushwi alfajiri wala jioni.

Hilo la mwisho lilinichekesha peke yangu. Tumenunua sensa kubwa inayosifiwa kwa mwanga hafifu, halafu tumejikataza mwanga hafifu. Na mchana nao una mipaka yake, kiwanda kimeandika joto lisizidi digrii 40, na hapa saa saba tunakaribia huko huko, tena upepo. Tukabaki na saa tatu mpaka saa tano asubuhi, jua kali, mabati yanang'aa mpaka macho yanauma. Hapo lile tundu la lenzi la kubana likatusaidia. Unalibana mpaka mabati yanaacha kuwa moto mweupe na ukingo wa laga unatoka na kivuli chake. Zoom haina tundu la kubana hivyo. Sikulijua hilo wakati tunachagua, nisijisifu.

Siku ya kurusha mama alisimama nje ya bafu lake amekunja mikono. Droni ilipita mita 90 juu ikilia. Ilipotua akaja akasema, "Nionyeshe." Afisa akamfungulia picha kwenye skrini. Aliitafuta laga kwanza, kisha mti wake, kisha nyumba. Akasogeza kidole.

"Hii nyeusi ni bafu?"

"Ndiyo mama."

"Na hii? Na hii?"

Akaanza kuhesabu kwa Kiarabu, nami nikimfuata kwa kalamu. Kwenye picha ile moja kulikuwa na bafu 19. Zenye paa zilikuwa 2.

"Andika," akasema.

Tuliandika. Barua iliyoenda ofisini ilikuwa na picha ya laga ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa pili picha ile ile, bafu zimezungushiwa duara nyekundu. Kuhusu laga tuliambiwa jambo linashughulikiwa. Turubai zimekuja, lakini ni 10, na bafu ni 17. Mama amesema hatachukua kabla hatujakubaliana nani anatangulia, wenye mabinti au wenye wagonjwa, na kikao ni Jumamosi. Wameniomba nilete ile picha.