Benzi Iliyokataa Kuzima

Nilipokuwa mdogo Kaptembwo, Nakuru, gari la otomatiki lilikuwa la wakubwa. Sisi tulizijua Peugeot 504 za abiria zilizokimbia kati ya Nakuru na Nairobi, gia ikipigwa kwa mkono. Mafundi wetu wa jua kali waliweza kushusha giabox ya 504 na kuipandisha gizani. Ya otomatiki waliiogopa. Ikianza kuteleza au kugonga, dawa ilikuwa moja: ishushwe, ifunguliwe, au itafutwe nyingine kwa wauza spea. Wengi walilipa pesa nzito na kuondoka na ugonjwa ule ule.

Mjomba wangu ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Benzi za vigogo zilikuwa zimeanza kufika mikononi mwa walimu na wafanyabiashara, na mmoja wao alileta gerejini kwetu 240D ya mtindo wa W123, zile zilizotoka kiwandani hadi 1985. Kila ilipobadili gia, abiria walirushwa mbele. Giabox ilikuwa imeshafunguliwa kwingine ikarudishwa, na kugonga hakukupungua.

Mjomba hakugusa spana. "Mzee, hebu izime," alimwambia mwenye gari. Ufunguo ukazungushwa, injini ikaendelea kunguruma. "Na ukifunga mlango wako, ile mingine inajifunga?"

"Iliacha zamani, fundi."

Basi Mjomba akaanza kupapasa mirija ya plastiki, myembamba kuliko penseli. Katika gari lile pampu moja kwenye injini hufyonza hewa kupitia mirija hiyo, na ufyonzaji huo ndio unaozima injini ya dizeli na kufunga milango. Tawi lake jingine huenda kwenye moduleta ya giabox, kuieleza giabox dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Hewa ikivuja, giabox hudhani mguu umezama hadi sakafuni: hupandisha presha, hubana klachi kwa nguvu, na gia hugonga. Ufyonzaji ukizidi, kinyume chake hutokea, injini inapaa kabla gia haijashika.

Kiungo cha mpira karibu na ukuta wa injini kilikuwa kimekauka na kupasuka. Mjomba akakibadilisha. "Izime tena, Mzee." Ikanyamaza papo hapo. Tulipoijaribu kwenye mlima wa Salgaa, gia zilipanda bila kishindo.

Tangu siku hiyo, gereji yetu ilianzia nje ya giabox. Oili ya giabox ilipimwa injini ikiwa moto na inanguruma, gari limesimama mahali tambarare, gia iko P. Mjomba alikataza kufuta kijiti cha kupimia kwa kitambaa kinachoacha nyuzi, maana uzi mmoja waweza kukwamisha vali ndani, na vumbi la Kaptembwo linatosha kwa uharibifu. Oili nyekundu ilimpa matumaini; ya kahawia inayonuka kuungua ilimaanisha klachi zimekwisha. Benzi ya petroli ikipungukiwa oili ya giabox bila kuvuja, huku ikitoa moshi mweupe, alijua utando wa moduleta umetoboka na injini inaifyonza oili hiyo na kuichoma.

Halafu zikaja Vitz na Noah za mitumba kutoka Japani, na gia zikaanza kuamuliwa na kompyuta. Vijana sasa huchomeka skana chini ya dashibodi kabla hata ya kufungua boneti. Siwalaumu, namba ya hitilafu inaokoa siku nzima. Lakini W123 haina pa kuchomeka, na magari haya yamerudi kutafutwa na vijana wanaoyapenda kwelikweli.

Kwa hiyo wale ninaowafundisha nawapa geji ya kupimia ufyonzaji, na hapo huja ubishi. Vipimo vya kitabuni ni vya usawa wa bahari. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu, na presha ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, hivyo hata pampu nzima haifikishi namba ya kitabu. Nimeshaona pampu nzuri ikitupwa kwa sababu hiyo. Siku hizi namba za hapa kwetu nimeziandika kwa rangi ukutani, juu ya meza ya spana.